Corolla KE70 na petroli ya Karonga: shajara ya mradi

Februari

Gari ni Toyota Corolla KE70, injini ya 4K, cc 1290, kabureta, pointi na kondensa, pampu ya mafuta inayosukumwa na kemshafti, choki ya kuvuta kwa mkono. Halina kompyuta wala sensa ya oksijeni. Kinachoamua petroli kiasi gani ikutane na hewa kiasi gani ni vitundu vya shaba vilivyotobolewa kiwandani ndani ya kabureta, na vitundu hivyo havijui umejaza mafuta ya wapi.

Nataka litembee salama na petroli yenye etanoli. Sababu ni ya kifamilia tu: dada yangu ameolewa Karonga. Kutoka Uyole, hapa Mbeya, unapita Kiwira na Tukuyu, unashuka hadi Kasumulu, unavuka daraja la Songwe, na kuanzia hapo mafuta utakayojaza ni ya Malawi. Wamalawi wanachanganya etanoli kwenye petroli tangu 1982. Inatengenezwa kwa molasi ya miwa pale Dwangwa, kiwanda cha Ethco, na tangu 2004 pia Chikwawa, kiwanda cha Presscane. Kiwango kimekuwa kikipanda na kushuka, asilimia 10 hadi 20, kulingana na etanoli iliyopo. Kwetu hakuna sharti la kuchanganya. Kwa hiyo gari la Mbeya huingia kule na mipira iliyozoea petroli tupu.

Mtu wa Mbeya hana haja ya kusimuliwa sana kwa nini Malawi walianza mapema. Nchi haina bahari, na miaka ya 1980 vita vya Msumbiji viliwakatia reli za Beira na Nacala. Ndiyo asili ya Malawi Cargo hapa kwetu: mzigo na mafuta yao yalianza kushushwa Dar es Salaam, yakaja Mbeya, yakamalizia safari kwa barabara. Lita ya etanoli iliyotoka kwenye miwa yao ni lita ambayo haikulazimika kuzunguka kote huko.

Nimesikiliza pande mbili. Fundi wangu wa SIDO, Mwanjelwa, anasema mafuta yenye pombe yanaua injini. Shemeji wa Karonga anacheka, anasema kwao Datsun na Peugeot za zamani zinatembea nayo tangu yeye hajaoa. Nadhani wote wawili wameona walichoona. Injini yenyewe, yaani pistoni, ringi na silinda, haina ugomvi na etanoli ya asilimia 10 au 20. Ugomvi uko kwenye kila kitu kinachoifikisha petroli kwenye injini. Fundi anaona pampu iliyovuja, anasema injini imekufa. Shemeji anaona gari linakwenda, haoni kwamba mipira yake ilishabadilishwa zamani na fundi wa kule bila hata kuelezwa sababu.

Maneno ya kuua injini tuliyasikia pia risasi ilipoondolewa kwenye petroli, mwishoni mwa 2005. KE70 ziliambiwa ndiyo basi. Bado zipo.

Jambo jingine nilimalize mapema, maana kila nikisema "etanoli" pale gereji kuna mtu anacheka na kuniuliza kama nitajaza gongo. Sitajaza. Gongo, hata ile kali, ina maji mengi mno. Hata ukiichemsha na kuikeneka upya mara ngapi, kwa njia ya kawaida ya kuchemsha huwezi kupita takriban asilimia 96, na maji yanayobaki ndiyo yanayoharibu kazi. Etanoli ya kuchanganya na petroli hukaushwa kiwandani hadi zaidi ya asilimia 99. Na ukiweka wazo la mgema akisifiwa, hesabu inazidi kuharibika.

Machi: mipira

Nimeanza na mipira, kwa sababu mchanganyiko mbaya hulifanya gari litembee vibaya, mpira mbovu hulifanya gari liwake moto.

Nilikata kipande cha hosi ya zamani iliyokuwa inaingia kwenye pampu, nikakigawa. Nusu kwenye chupa ya petroli ya hapa mjini, nusu kwenye chupa ya petroli niliyochanganya na etanoli kavu ya maabara, moja kwa nne. Vifuniko vimekazwa, chupa kivulini nje ya nyumba, mbali na jiko. Kipande cha petroli tupu hakikubadilika cha kusema. Kile cha mchanganyiko kilinenepa, kikawa laini, ukikibana kwa kucha alama inabaki. Hayo nilikuwa nimeyategemea. Kilichonifundisha ni baadaye, nilipokitoa na kukiacha kikauke: kilisinyaa, kikawa kigumu, na kukikunja kikafanya nyufa. Etanoli inaondoka na vile vilainishi vilivyokuwa ndani ya mpira.

Maana yake kwa gari langu ni mbaya kuliko kwa gari la shemeji. Lake linalowa mchanganyiko siku zote. Langu litalowa Karonga, likaukie Mbeya, lirudi kulowa. Hosi inavimba ndani ya klipu, halafu inasinyaa na klipu inabaki imelegea.

Dukani Mwanjelwa hosi za petroli zipo za kila bei, na kila muuzaji atakuapia kuwa yake ni ya Japani. Usimsikilize, soma ubavu. Niliyokuwa naitafuta imeandikwa SAE J30R9. Ndani ina tabaka la mpira wa aina ya Viton, ambao etanoli haiushindi. Isiyo na maandishi yoyote niliiacha hata kwa bei ya kutupa. Nilibadilisha zote: kutoka tangi kwenda bomba la chuma, bomba kwenda pampu, pampu kwenda kabureta, na ile ya kurudisha mafuta ambayo watu wengi huisahau kwa kuwa imejificha.

Pampu ya mafuta: diaframu yake ni ya mpira na kitambaa. Ikipasuka, petroli ina njia ya kwenda kwenye oili, na oili iliyopata petroli haitakuonya kabla haijaharibu beringi. Nimeweka pampu mpya, ya zamani nimeiweka kando. Tangu siku hiyo kila nikivuta kijiti cha oili nakinusa kwanza.

Ndani ya kabureta: sindano ya floti, ile inayofunga petroli kabureta ikijaa, iliyokuwa na ncha ya mpira imetoka, imeingia ya chuma tupu. Kikombe cha pampu ndogo inayotupa petroli unapokanyaga mafuta nimebadilisha pia. Gasketi za karatasi hazina shida. Gasketi ya kizibo cha geji kule juu ya tangi ni ya koki, ile inayotokana na gome la mti, na koki na etanoli hazipatani. Hiyo nimeiandika kwenye orodha kwa sababu kuifikia lazima tangi lishushwe.

Tangi lenyewe nimelimwaga kupitia nati ya chini. Ilitoka petroli, halafu maji ya rangi ya kutu, halafu tope. Hapa ndipo watu wengi wanapoilaumu etanoli kwa uchafu usio wake. Etanoli ni kiyeyushaji. Utando wote ulioganda ndani ya tangi na bomba kwa miaka arobaini unaanza kubanduka ukijaza mara ya kwanza, unakimbilia kwenye filta, gari linazima mlimani, na jina la etanoli linachafuka. Nimeweka filta ya kuonea ndani kabla ya pampu, nikanunua na za akiba. Ni za bei ndogo.

Aprili: hesabu ya kabureta

Mvua hazijakatika, kazi ya nje haifanyiki, nimekaa na kalamu.

Kuchoma kilo 1 ya petroli vizuri kunataka kama kilo 14.7 za hewa. Kilo 1 ya etanoli inataka kilo 9 tu, kwa sababu zaidi ya theluthi ya uzito wake tayari ni oksijeni. Mchanganyiko wa asilimia 20 unaangukia karibu 13.5. Kwa hiyo kabureta isiyoguswa, ikiendelea kutoa kiasi kilekile cha mafuta, itakuwa inatoa pungufu kwa karibu asilimia 8 au 9. Kwa mchanganyiko wa asilimia 10 upungufu ni kama 4. Mwako unakuwa mwepesi: hewa nyingi, mafuta kidogo, valvu za ekzosi zinapata joto.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kupanua jeti, vile vitundu vya shaba. Hesabu yake si ngumu. Namba iliyogongwa kwenye jeti nyingi ni kipenyo kwa sehemu za mia za milimita, na mafuta yanayopita yanafuata eneo la tundu. Ukitaka asilimia 8 zaidi, kipenyo kinaongezeka asilimia 4 tu. Jeti ya 100 inakuwa 104. Anayechukua msumari akapekecha kwa macho amekwenda mbali sana na hiyo nne.

Lakini ushauri huo umeandikwa na watu wanaoishi usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko mita 1,700 na ushee. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, na kabureta haipimi uzito wa hewa. Inafuata mwendo wake kooni. Matokeo, ambayo kila fundi wa Mbeya anayajua kwa pua hata kama hajawahi kuyaandika, ni kwamba gari la kabureta lililotoka Dar bila kuguswa huku linakula mafuta mengi mno. Plagi zina masizi, ekzosi inanuka, sailensi (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) inatetemeka. Mafuta hayo ya ziada yanafuata kipeuo cha pili cha wepesi wa hewa, na kwa mita 1,700 yanakuja kwenye asilimia 8 au 9.

Nilirudia hesabu mara nyingine nikidhani nimekosea desimali. Mwinuko wa Mbeya unaongeza kile kile ambacho asilimia 20 ya etanoli inapunguza. KE70 yenye jeti za kiwandani, Uyole, na mchanganyiko wa juu kabisa wa Malawi, inapata mwako ulio karibu na sawasawa kuliko inavyoupata kwa petroli tupu ya sheli ya hapa.

Sharti ni jeti ziwe za kiwandani kweli. Nilizitoa zote, nikazisoma namba kwa kioo cha kukuzia, nikazilinganisha na kitabu. Zilikuwa zenyewe. Gari la namna hii likipita mikono mingi unaweza kukuta jeti ya pikipiki.

Hesabu ina upande wa pili, na ndio unaonisumbua. Safari haiishii Uyole. Kyela na Karonga ziko kando ya ziwa, mita 500 hivi. Kule mwinuko unakupa asilimia 2 na kidogo tu, etanoli inaendelea kuchukua zake 8. Gari lililokuwa sawa asubuhi juu linakuwa na upungufu wa asilimia 6 mchana chini, kwenye joto, na ndiko mchanganyiko unakojazwa. Mtu aliyefungua jeti kwa ajili ya Karonga naye atarudi Mbeya na petroli tupu akinuka kama jenereta bovu.

Uamuzi: jeti sizigusi. Nitatafuta namna ya kuongeza mafuta kule chini tu.

Kuhusu timingi, yaani wakati cheche ya plagi inaporuka, etanoli ina oktani ya juu, zaidi ya 100, na wapo wanaoivuta timingi mbele kufaidi hilo. Nimeiacha kwenye alama. Nusu ya maisha ya gari hili ni petroli ya kawaida na milima.

Mei: Karonga

Kabla ya kujaza, nilipima. Silinda ya plastiki ya mililita 100 kutoka duka la vifaa vya maabara: maji hadi 10, petroli hadi 100, kifuniko, tikisa kwa nguvu, fungua kidogo itoe pumzi, acha itulie. Etanoli inayapenda maji kuliko inavyoipenda petroli, inashuka kuyafuata. Kama mstari wa maji umebaki kwenye 10, hakuna etanoli. Wangu ulipanda hadi karibu 24. Mililita 14 katika 90 za petroli ni kama asilimia 15. Kipimo hiki si cha mahakamani, etanoli kidogo hubaki juu, lakini kwa kazi ya kabureta kinatosha. Kijana wa sheli alisimama kutazama, akaniuliza kama mimi ni wa serikali.

Namna ya kuongeza mafuta niliipata kwenye choki. Kwenye barabara iliyonyooka, gia ya nne, mguu umetulia, unavuta choki milimita chache. Gari likilegea au kusita, mafuta yalikuwa yanatosha. Likichangamka, lilikuwa linapungukiwa. Uyole na mchanganyiko huu linasita. Karonga linachangamka, na hata ile hali ya kuvutavuta kidogo likiwa kwenye mwendo wa kati inakwisha. Basi nimeweka alama ya rangi kwenye kijiti cha choki. Kule chini choki inakaa kwenye alama, nikianza kupanda naisukuma ndani. Fundi aliposikia alitikisa kichwa, "Mzee, choki ni ya kuwashia." Ni kweli, na dereva mwenye haraka ataisahau nje mpaka plagi zilowe. Lakini ni koti ambalo gari linavaa na kuvua njiani, na sijaona njia nyingine ya bei hiyo.

Plagi baada ya kurudi: kahawia iliyopauka, si nyeupe. Nimeridhika.

Matumizi ya mafuta. Etanoli ina nguvu kama theluthi mbili ya petroli kwa lita, kwa hiyo mchanganyiko wa 20 umepungua karibu asilimia 7 na wa 10 kama 3. Nilitegemea kuona hilo. Kwenye barabara ya bondeni nimeliona. Kwenye mizunguko ya Mbeya mjini sikuliona, na nadhani sababu ni ile ile: petroli tupu huku juu ilikuwa inatoka nyingine kwenye ekzosi bila kuchomwa, sasa inachomwa. Shemeji anataka kusema etanoli ya Malawi ina baraka. Tulibishana hadi usiku, kwa Kingonde chake na Kinyakyusa changu ambavyo ni lugha za ndugu, na kila mmoja alilala na msimamo wake.

Julai: baridi

Sasa ndiyo miezi ambayo watu wa Mbeya wanaijua.

Kuwasha asubuhi kumekuwa kugumu kidogo. Etanoli inahitaji joto zaidi ya mara mbili ya petroli ili igeuke mvuke, na saa kumi na mbili asubuhi hakuna joto la kuazima. Kwa asilimia 15 tatizo ni dogo: choki nzima, mguu mara mbili kwenye mafuta, inawaka, inataka dakika zaidi kabla ya kutulia. Betri iliyochoka ingenisumbua, si etanoli. Wanaotembelea etanoli tupu hawana raha hiyo. Fiat 147 ya Brazil, gari la kwanza la kuuzwa kwa wingi la etanoli tupu, 1979, ilihitaji petroli pembeni ya kuwashia.

Maji ni jambo zito zaidi kuliko kuwasha. Petroli tupu haichukui maji. Yanakaa chini ya tangi yakisubiri. Yenye etanoli inayachukua na kuyameza, ambalo ni jambo jema hadi kiwango fulani. Ya asilimia 10 kwenye nyuzi 15 inabeba kama nusu asilimia ya maji, yaani kama glasi moja kwenye tangi la lita 40. Yakizidi, yote yanaachana kwa pamoja: maji yanashuka na etanoli yake, juu inabaki petroli iliyopoteza oktani, na bomba la kunyonya liko chini kwenye maji. Na uwezo huo wa kubeba unashuka baridi inapozidi.

Fikiria njia yetu. Unajaza Karonga, nyuzi 30. Mafuta ni meupe, maji yote yamefichwa humo. Usiku unalala Mbeya, nyuzi 6 au 7. Sikutaka kukisia, nikachukua mafuta yale ya Karonga kwenye chupa ya kioo, nikaongeza matone ya maji moja moja huku nikitikisa, nikasimama yalipokuwa bado safi. Nikaikaza, nikaiacha ukutani nje. Alfajiri ilikuwa na ukungu kama maji ya mchele, na chini mstari mwembamba. Jua lilipoipiga na nikaitikisa, ikarudi safi. Tangi halitikiswi na mtu saa kumi na mbili asubuhi.

Kanuni niliyojiwekea ni fupi: mpira wa kifuniko cha tangi mzima, nati ya chini ifunguliwe kidogo kila mwezi, na mchanganyiko haukai. Gari likirudi kutoka Karonga mafuta yale yanaisha kwanza kabla halijalazwa. Kwa gari linalokaa gereji miezi mitatu likisubiri spea, ningekataa etanoli kabisa.

Kuna kitu kingine kilinitokea pale juu kabla ya Kiwira, kwenye ukungu wa Isongole. Mwendo mdogo nyuma ya malori, sailensi ikashuka, gari likataka kuzima, baada ya kusimama dakika kadhaa likapona lenyewe. Ni barafu kwenye koo la kabureta. Petroli ikigeuka mvuke inapoza, etanoli inapoza zaidi, na hewa ile imejaa maji. Nimegeuza mdomo wa boksi la filta ya hewa uelekee manifodi ya ekzosi, bomba la moto linalotoa moshi kwenye injini, inyonye hewa ya moto. Haikurudia.

Oktoba: joto

Manifodi hiyo hiyo iliyoniokoa Julai imenigeuka. Kwenye injini ya 4K njia ya kuingizia mafuta imekaa juu ya ekzosi, upande mmoja, joto linapanda lote kwenye kabureta.

Nilikuwa nimepanda kutoka Kyela kwenda Tukuyu, mchana, gari limejaa, gia ya pili. Likaanza kukata mafuta. Bakuli la floti halina kitu, filta ina mapovu. Watu wanadhani etanoli haivukizi haraka kwa kuwa ni ngumu kuwasha, na ikiwa peke yake ni kweli. Ukiiweka kidogo ndani ya petroli mambo yanageuka: mchanganyiko unavukiza haraka kuliko petroli tupu, na kilele chake ni karibu na asilimia 10, palepale Malawi wanapoanzia. Ongeza mwinuko. Kila mpishi wa maharage wa Mbeya anajua maji yetu yanachemka mapema, karibu nyuzi 94. Petroli nayo ni hivyo hivyo. Unaanza bondeni na injini ya moto, unapanda polepole, hewa inazidi kuwa nyepesi, na pampu inanyonya bomba ambalo ndani yake mafuta yanageuka mvuke. Pampu ya kunyonya haiwezi kunyonya mvuke.

Barabarani dawa ilikuwa kitambaa kilicholowa juu ya pampu, boneti wazi, na mama mmoja wa ndizi aliyenipa maji ya ndoo yake akakataa hela. Ndaga fijo, asante sana, mama.

Gereji: bomba la mafuta limehamishwa kutoka ukuta wa upande wa ekzosi, bati limewekwa kati ya ekzosi na pampu, na kati ya kabureta na manifodi kimerudishwa kile kipande kinene cheusi cha kuzuia joto ambacho fundi fulani wa zamani alikitoa akaweka gasketi ya karatasi. Hicho kipande peke yake nadhani ni nusu ya tatizo. Boksi la filta ya hewa sasa linageuzwa kwa majira: ekzosi kuanzia Juni, mbele kuanzia Septemba.

Pampu ya umeme karibu na tangi ingemaliza hadithi, maana inasukuma badala ya kunyonya. Lakini za magari ya sindano, yale yanayopuliza petroli bila kabureta, zina presha kubwa inayofurika kabureta, na zile za presha ndogo lazima ziwe na swichi ya kukata umeme injini ikizima, la sivyo ajali moja inamwaga petroli barabarani. Nimeiweka kando mpaka nipate ya kueleweka.

Novemba

Tumepanda tena kutoka Karonga kwenye joto lile lile, mzigo ule ule, bila kukata mafuta. Filta ya kuonea bado safi. Hosi mpya nimezibana kwa kucha, ni ngumu kama siku ya kwanza, klipu hazikuhitaji kukazwa. Oili hainuki petroli.

Kwa mwenye gari la kabureta anayeuliza aanzie wapi, nisingemwambia aguse jeti, angalau akiwa anaishi kwenye miinuko ya kati ya Makambako na Tunduma. Mwenye sindano za zamani, Carina au Corolla 110, yuko pazuri zaidi kwenye mchanganyiko kwa kuwa sensa ya oksijeni inajirekebisha yenyewe. Kwenye mipira hana msamaha. Marekani waliporuhusu asilimia 15 waliweka mpaka kwenye magari ya 2001 na kuendelea, na Uingereza, walipofanya asilimia 10 kuwa ya kawaida Septemba 2021, waliyaachia magari ya kale pampu yenye kiwango kidogo. Sisi pampu ya pembeni hatuna, tuna Mwanjelwa.

Kilichobaki ni kushusha tangi, kuweka gasketi ya geji isiyo ya koki na kutazama ndani kama lile tabaka la risasi na bati limeanza kuliwa. Fundi anataka ifanyike kabla ya Krismasi, mimi nataka baada, kwa sababu dada anatutegemea. Pampu ya zamani ameniomba aifungue aone diaframu. Nimempa, kwa masharti kwamba ikiwa imevimba atayarekebisha yale maneno yake ya kuua injini.